Homa ya Tanga, homa ya Asembo

Jumapili

Basi la usiku lilitufikisha Kisumu saa kumi na moja alfajiri. Shingo ilikuwa imekakamaa, na mkoba sikuuachia tangu Nairobi. Ndani yake mlikuwa na madodoso sitini, kalamu, kidau cha wino wa dole gumba na barua tatu za ruhusa zenye mihuri. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, niko Nairobi nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Kazi yangu ya mwisho inauliza swali ambalo ukilisema harakaharaka linaonekana dogo: mzazi wa kijijini, ambaye kliniki kwake ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, atakubali mwanawe achomwe kila mwaka sindano ya kumkinga na influenza, ugonjwa wa virusi unaoshambulia njia ya hewa?

Asembo sikuiokota tu kwenye ramani. Vijiji hivi vya Siaya, kando ya Ziwa Viktoria, vimeona watafiti wengi kuliko vijiji vingi vya Afrika. Hapa na Gem jirani ndiko kulikofanyika jaribio kubwa la vyandarua vyenye dawa katika miaka ya 1990. Mwaka 2001 KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, walianza kuandikisha huku vizazi, vifo na uhamiaji, nyumba kwa nyumba. Tena kati ya 2010 na 2012 watoto wa miezi sita hadi miaka kumi walipewa chanjo ya influenza bila malipo, hapa Asembo, upande wa Lwak, na kule Kibera, Nairobi, ili ipimwe kama inawakinga kweli. Ilikinga, ingawa si wote na si kwa kiwango kimoja kila msimu. Basi nilijiambia: nikitaka kujua wazazi wanasemaje, niende kwa wale ambao jambo lenyewe lilishawahi kuwabishia hodi.

Matatu ya Bondo ikapita Kisian, jua likachomoza upande wa nyuma yetu, nikashuka Ndori. Kutoka hapo ni bodaboda, mkoba kati yangu na dereva, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nimefikia kwa mwalimu mstaafu. Jioni akaja mkalimani wangu, mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi ya kuzungukia nyumba katika tafiti zilizopita. Jina lake silitaji. Nilimwita Dada wiki nzima, na nitamwita hivyo hapa. Yeye alianza na "daktari", nikakataa, akaona bora "nyar Tanga", yaani binti wa Tanga.

Jumatatu

Nyumba kumi na moja kwa siku moja. Nilijisifu.

Kazi inakwenda hivi. Mnapiga hodi mkiwa bado kwenye ua wa miti, si mlangoni. Mnaletewa viti, na ukikataa kiti umekataa watu. Mnaulizana habari za nyumbani, za mvua, za safari. Ndipo Dada anasoma karatasi ya ridhaa, taratibu, yote, hata pale mama anaposema "nimeelewa, lete niandike". Asiyejua kuandika anatia dole gumba mbele ya shahidi. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye maswali, lakini Dada alikuwa na lake: "Karatasi hii ukiiruka leo, mwenzako atakayekuja mwakani atafukuzwa na mbwa."

Dodoso lenyewe nililitafsiri mimi mwenyewe kwa Kiswahili, na Dada alikuwa analigeuza Kidholuo papo hapo. Swali la nne: Je, katika wiki mbili zilizopita mtoto amekuwa na homa? Swali la tano: Je, amekuwa na kikohozi? Haya mawili ndiyo nguzo. Shirika la Afya Duniani linapotaka kutambua ugonjwa unaofanana na influenza, linaanzia kwenye joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi pamoja na kikohozi, vyote vikiwa vimeanza ndani ya siku kumi. Mimi sina kipimo cha maabara. Nina maneno tu.

Mama mmoja mwenye mapacha alikuwa anachambua omena kwenye ungo, mikono haikusimama hata alipojibu. Homa? "Eeh, wote wawili." Akawaita. Wakaja mbio wakicheza, tumbo wazi, mmoja akifuta pua kwa mgongo wa mkono. Nikaandika: homa, ndiyo. Homa, ndiyo. Nikasogea.

Usiku, chini ya taa ya sola, nikahesabu. Kati ya kaya kumi na moja, kumi zina mtoto mwenye homa. Nikafurahi dakika mbili hivi, maana ni mwanafunzi gani asiyependa jedwali lenye namba kubwa? Kisha nikawakumbuka wale mapacha wakikimbizana na kuku. Mtoto mwenye joto la nyuzi 38 hafukuzi kuku.

Jumanne

Nilimngojea Dada getini.

"Dada, hapa kwenu homa ni nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. Akapitisha kidole chini ya pua, akavuta kamasi la uongo. "Homa si hii?"

Nikaweka kiganja kwenye paji la uso wangu. "Kwetu homa ni hii."

Tukatazamana, kisha akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. Mimi sikucheka mara moja. Tanga, na Tanzania karibu yote, mtu akisema ana homa anamaanisha mwili unachemka; pua ikitiririka hayo ni mafua. Kenya mtaani homa ndiyo mafua yenyewe, na wanafunzi wenzangu Nairobi huomba ruhusa darasani kwa "homa" wakiwa na leso mkononi. Nililisikia hilo miezi kumi na minne, na bado sikuwaza. Tena neno hilohilo limeingia Kidholuo kwa maana ya pua. Kwa hiyo Dada aliposoma "homa" kwenye karatasi yangu hakuwa na cha kugeuza, alilipitisha lilivyo. Joto la mwili wao wanasema del maliet, mwili moto. Maneno hayo hayakutamkwa hata mara moja siku nzima.

Nikampigia mwalimu wangu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, umepima kamasi ukaandika joto. Rudi."

Tukarudi. Nyumba zilezile, ua uleule, viti vilevile. Aibu yake huwezi kuijua mpaka umtembelee mtu mara ya pili kumwambia kwamba jana hukumwelewa. Lakini hakuna aliyetufokea. Mama wa mapacha alisema nimekuja kwa sababu ya omena wake, akanifungia kwenye gazeti. Na watoto wake? Del maliet hawakuwa nayo, ni homa tu, ya kawaida, inakuja na upepo wa ziwa na kuondoka.

Tuliwapata kumi. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa na kufuli. Jirani alisema mwenyewe ameenda sokoni na kutoka huko atapita kwa dadake. Katika zile tisa nilizokuwa nimeandika "ndiyo", watoto waliokuwa na joto kweli walikuwa watatu. Sikufuta. Katika utafiti jibu halifutwi: unapiga mstari mmoja juu yake ili la zamani liendelee kusomeka, unaandika jipya, unatia sahihi na tarehe. Mistari sita. Karatasi yangu inafanana na daftari la mtoto wa darasa la pili.

Niseme la moyoni. Kosa hili lilikamatika kwa sababu namba ilikuwa ya kipuuzi. Ingekuwa sita kati ya kumi na moja ningeshukuru Mungu nikalala, na ningeandika tasnifu nzima juu ya pua.

Jumatano

Tulishuka upande wa ziwani. Ng'ambo, kwenye ukungu, ni Kaunti ya Homa Bay, na Dada hakukubali inipite hivihivi. "Ile nayo utaiandika upande gani, joto au pua?"

Tulienda kwa bibi mmoja anayelea wajukuu wanne. Nilimwamkia kwa adabu zote za Tanga, "Shikamoo bibi," Dada akanifinya: Kenya bibi ni mke wa mtu. Nikarekebisha nikamwita Dani, kama wanavyomwita wajukuu. Akafurahi, akanishika mkono na hakuuachia mpaka tulipokaa.

Hapa karatasi ya ridhaa ilitushinda kidogo. Mama wa watoto yuko Nairobi anafanya kazi za nyumbani, baba alifariki. Dani ndiye anayewalisha, anayewapeleka kliniki, anayeamka usiku. Lakini hana barua ya mtu yeyote inayosema yeye ndiye mlezi. Tulimpigia mama simu, ikaita mara tatu, akapokea akinong'ona kwa sababu tajiri wake alikuwa karibu. Akasema, "Chochote ambacho mama amekubali, mimi nimekubali," akakata. Nimekutana na nyumba kama hii nyingi. Ukiandika kwamba anayehojiwa lazima awe mama au baba, watoto wa namna hii wanatoka kwenye hesabu, na huenda wao ndio walio hatarini zaidi.

Dani akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha nailoni kilichofungwa fundo mbili. Vitabu vya kliniki, kimoja kwa kila mjukuu, pembe zimelainika kama kitambaa. Alijua kila mstari ingawa hasomi: huu wa kuzaliwa, uliomwachia kovu mkononi, hizi tatu za paja, hii ya surua ya miezi tisa. Akaniwekea kidole kwenye ile ya malaria, ambayo Siaya iliipata mapema, tangu majaribio ya 2019. "Hii naielewa," akasema kupitia kwa Dada. "Malaria nimezika nayo."

Nikamuuliza kama aliwahi kusikia chanjo ya influenza. Akamwita mjukuu mkubwa, kijana mrefu mwenye sauti iliyoanza kuvunjika, akamgeuza kwa bega kama anayeonyesha mbuzi mnadani. Huyu alidungwa, alipokuwa mdogo. Walikuja wakasema ni sindano ya homa. Alilia. Baada ya mwezi akadungwa tena. "Na haikufanya kazi."

"Ulijuaje, Dani?"

"Wiki mbili baadaye alikuwa na homa." Na yeye, mwanamke asiyejua kusoma, akapitisha kidole chini ya pua.

Sikuandika kwa muda. Chanjo ya influenza hukinga virusi vya influenza, basi. Pua ya mtoto inatiririshwa na virusi vingine chungu nzima ambavyo sindano hiyo haivigusi wala haikutengenezwa ivisumbue. Mtu wa maabara analijua hilo. Lakini ukisimama kwenye ua wa watu ukasema umeleta "sindano ya homa", umeahidi pua kavu. Mtoto akipiga chafya kesho, wewe ni mwongo, na ushahidi uko wazi mdomoni mwa mtoto. Dani hakukosea hata kidogo. Alilipima neno alilopewa kwa maana ya neno lenyewe.

Nilijaribu kumweleza. Alisikiliza, akauliza swali ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza: "Sasa hiyo mliyomkinga nayo, ningeijuaje kama haikuja?"

Alhamisi

Siku ya chanjo kwenye zahanati moja. Saa mbili asubuhi benchi zimejaa, leso za rangi zote, watoto wamevishwa soksi na kofia kana kwamba wanakwenda Ulaya.

Muuguzi ni mmoja. Yeye ndiye anayepima uzito, anayechoma, anayeandika, na anayetoka nje kumkaripia mwenye bodaboda anayepiga honi. Alinipa kazi ya kupanga vitabu, sikuleta ushamba wa utafiti. Katikati ya foleni umeme ukakatika. Hakuinua hata kichwa. Alifungua jokofu mara moja tu, akasoma kipimajoto, nyuzi 5, akafunga na kubandika plasta mlangoni ili asifungue mtu. Chanjo alizohitaji zilikuwa tayari kwenye kijisanduku cha baridi, vichupa vimekaa kwenye sponji, vibarafu pembeni vikiwa vimeanza kutoa jasho. Hilo la jasho si uzembe. Barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza inaweza kugandisha chanjo, na ya influenza ikiganda imekwisha, hata ukiiyeyusha. Inataka kati ya nyuzi 2 na 8.

Saa nane foleni ilipokwisha tulikula chapati na chai, nikamweleza kazi yangu. Alinisikiliza akijikanda kisigino.

"Hizi zangu zina mwisho," akasema. "Mtoto akifika miaka miwili nimemalizana naye. Hiyo yako ni kama kodi ya nyumba, haiishi."

Nikaongeza ugumu mwenyewe: mtoto anayeanza anahitaji dozi mbili zilizoachana wiki nne. Chini ya miezi sita haipewi, kwa hiyo kichanga anakingwa kwa kumchanja mamake akiwa mjamzito. Na kila mwaka ni chanjo mpya, maana virusi vinabadilika. Shirika la Afya Duniani linatangaza mchanganyiko wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini.

"Na sisi tulio katikati?"

Ndilo swali. Ikweta inapita Kenya, na hapa inapita karibu kabisa. Influenza ya Kenya haina majira ya baridi ya kuingojea. Inazunguka karibu mwaka mzima, ikipanda na kushuka. Uchague mchanganyiko upi, uanze mwezi upi, na vichupa vya mwaka jana vilivyobaki uvifanyeje? Kamati inayoishauri serikali ya Kenya kuhusu chanjo ilipendekeza mwaka 2016 watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe influenza kila mwaka. Muuguzi hakuwahi kusikia pendekezo hilo. Alisema kwenye daftari lake hakuna safu ya chanjo hiyo, na jambo lisilo na safu hapa halipo.

"Mimi sikatai," akasema akisimama. "Nionyeshe tu huyo mtoto mwenye influenza. Mimi hapa naona malaria, naona nimonia, naona homa." Nikamuuliza homa ipi. Akacheka, Dada alikuwa ameshamsimulia.

Ijumaa

Mvua tangu alfajiri. Njia imekuwa ugali. Nyumba mbili tu.

Nimeshinda nasoma tafiti za wenzetu kwenye simu, mtandao ukija na kuondoka. Kanada, mwaka 2008, walichukua makoloni ya Wahutterite, wakulima wanaoishi mbali na miji na kushirikiana kila kitu. Wakachanja watoto, na hata wasiochanjwa wakapata kinga ya kama asilimia 61 kwa sababu ugonjwa haukuwa na wa kumpanda. Ni matokeo matamu. Ila watu wale wana jokofu kila mahali.

Walio karibu nasi kwa hali ni Niakhar, Senegal, vijiji vya wakulima wa uwele na karanga. Huko kuanzia 2009 vijiji 20 viligawanywa kwa kura: katika nusu watoto wa miezi sita hadi miaka kumi walipata chanjo ya influenza, nusu nyingine wakapata sindano ya polio ili hakuna anayetoka mikono mitupu. Napenda busara ya hiyo polio. Lakini 2009 ndio mwaka kilipozuka kirusi kipya cha influenza, H1N1, ambacho chanjo ya msimu ya mwaka huo haikuwa nacho, nacho kikafika Senegal baadaye. Umepanga miaka, umegawa vijiji, umewachanja maelfu, halafu ugonjwa unaingia kwa mlango ambao hukuufunga. Mbele ya hilo, mistari yangu sita naiona kitu kidogo.

Alasiri mvua ilipopungua Dada alikuja na wanawake watatu waliokuwa wanakwenda kisimani. Alikuwa na wazo lake: tusiitafsiri influenza, tuwaeleze inavyokuwa, waipe jina wenyewe. Nikaeleza: inaanza ghafla, mwili moto, viungo vinauma, kikohozi, mtoto halii kwa nguvu, hachezi, hali. Wakashauriana kwa Kidholuo, ndoo zikiwa bado kichwani. Mmoja akasema ni homa inayolaza. Mwingine akakataa: ukiacha neno homa ndani, watu watasikia homa tu. Wa tatu akasema iiteni jina lake la kizungu, watu watauliza ni nini, na hapo ndipo mtapata nafasi ya kueleza.

Dada alimpinga. Mimi niko upande wa yule wa tatu, ingawa sijamwambia.

Jumamosi

Kwaheri ilichukua muda kuliko kufunga mizigo. Mwalimu mstaafu amenipa karanga, Dani ametuma yai moja limefungwa kwenye jani la mgomba kwa mkono wa yule mjukuu, ambaye alilileta akipiga chafya. Tulicheka, yeye akatushangaa.

Matatu ilikuwa imevuka Ndori simu ilipolia. Dada, katikati ya upepo. Amepita kwenye ile nyumba yenye kufuli, mwenyewe amerudi. Hakuwa sokoni tu. Kwa dadake alikaa siku tatu kwa sababu kwa dadake ndiko karibu na hospitali. Mtoto alikuwa na del maliet, na kikohozi, na alikataa kunyonya. Sasa anaendelea vizuri.

"Uliandika nini kwake?" Dada akauliza.

"Homa, ndiyo."

"Basi hiyo ni homa ya kwenu."

Nikatoa dodoso namba kumi na moja nikaliweka juu ya goti. Jibu lilikuwa lilelile, lakini pembeni Jumanne nilikuwa nimeweka alama ya kuuliza. Nikangoja gari lisimame kushusha abiria, nikapiga mstari mmoja juu ya ile alama, nikaandika "joto", nikatia sahihi na tarehe.